Fedha ya Kwanza Iende Kwenye Springi

Mtu akinunua Honda Gold Wing ya miaka ya 1990 kutoka kwa mwenye nayo wa kwanza, orodha ya matumizi huanza kuandikwa kabla kadi haijabadilishwa jina. Redio mpya. Kiti cha ngozi. Taa za rangi kuzunguka maboksi, na nikeli ya kumeremeta kila pembe ya injini. Shokapu za mbele, kama zimo, huwa chini kabisa ya ukurasa. Mara nyingi hazimo, mpaka siku sili itakapochoka na mafuta yachuruzike hadi kwenye diski ya breki.

Orodha hiyo imepinduka. Kwa pikipiki kubwa ya safari iliyozeeka, fedha ya kwanza baada ya tairi na breki inapaswa kwenda kwenye shokapu za mbele, tena si kwa kununua shokapu mpya za kifahari bali kwa kuzitengeneza vizuri zile zile zilizotoka kiwandani.

Hesabu ya uzito inatosha kuanzia. Gold Wing ya kwanza, GL1000, ilioneshwa mjini Cologne, Ujerumani, mwaka 1974. Injini yake ilikuwa ya cc 999 na mirija ya shokapu zake za mbele ilikuwa na unene wa milimita 37. Mwaka 1988 ikaja GL1500, ikiundwa Marysville, Ohio, yenye silinda sita, cc 1520 na uzito wa takriban kilo 360 kabla ya kutiwa mafuta. Ijaze tangi, mpandishe dereva na mwenzake, shindilia maboksi matatu kwa safari ya wiki mbili, na nusu tani imepita. Mirija ya shokapu ilikuwa imenenepa hadi milimita 41. Milimita nne tu.

Unene wenyewe si tatizo kubwa. Tatizo ni springi iliyo ndani. Kiwanda hakimjui mnunuzi, hivyo hukisia mtu wa wastani, asiye na abiria, anayekwenda taratibu. Isitoshe, pikipiki huuzwa dukani, na mteja anayeijaribu kwa dakika kumi kuzunguka mtaa hupenda ile inayobonyea kama godoro. Springi laini huuza. Miaka thelathini baadaye, springi hiyo hiyo inabeba watu wawili na mizigo kwenye milima ya Colorado, na hakuna anayejiuliza kwa nini pua ya pikipiki inazama kila breki inapoguswa.

Kipimo chake ni rahisi hata aibu. Fundi hufunga utepe mwembamba wa plastiki, ule wa kubania nyaya, kwenye mrija wa shokapu. Gurudumu la mbele likiwa limeinuliwa, anapima urefu wa mrija ulio wazi. Kisha pikipiki inashushwa, dereva anakaa na mavazi yake yote ya safari, na kipimo kinachukuliwa tena. Tofauti ya vipimo hivyo ni kiasi ambacho shokapu imezama kwa kubeba uzito tu, bila shimo wala breki. Mafundi wengi wanataka kiasi hicho kiwe kati ya robo na theluthi ya mwendo wote. Kwa GL1500, ambayo mwendo wake ni milimita 140, hiyo ni kati ya milimita 35 na 47. Springi iliyochoka ikizama milimita 60, zimebaki 80 za kupambana na kila kitu kingine. Breki kali inazila karibu zote, na shimo la katikati ya kona linakuta shokapu imekwisha gonga chini.

Hapo kinachopotea si starehe peke yake. Pua ikizama, pembe ya shokapu inasimama wima zaidi, usukani unakuwa mwepesi kupita kiasi, na tairi la mbele linaanza kuruka juu ya mabonde madogo badala ya kuyafuata. Tairi lisilogusa lami halishiki breki, hata kama diski na pedi ni mpya.

Wahandisi wa Japani waliliona jambo hili mapema, lakini dawa waliyoitoa ilikuwa ya ugonjwa mwingine. GL1100 ya mwaka 1980 ilikuja na shokapu zinazosaidiwa na hewa. Miaka michache baadaye Honda ikaongeza mfumo wa kuzuia pua isizame, ulioitwa TRAC. Kalipa ya breki ilipovutwa na mzunguko wa gurudumu, ilisukuma vali iliyobana njia ya mafuta ndani ya shokapu. Suzuki, Yamaha na Kawasaki nao walikuwa na mifumo yao ya namna hiyo. Kwenye maelezo ya mauzo ilipendeza. Barabarani maana yake ilikuwa kwamba shokapu inakuwa ngumu wakati ule ule dereva anapofunga breki kwenye lami mbovu, yaani wakati inapohitajika kufanya kazi kuliko wakati mwingine wowote. Pikipiki za mbio ziliachana na mifumo hiyo kabla muongo haujaisha. Gold Wing iliendelea nayo hata kwenye GL1800 ya mwaka 2001.

Dawa yenyewe ina ngazi tatu, na inafaa zipandwe kwa mpangilio.

Ya kwanza ni usafi. Mafuta ya injini yana chujio, na mwenye pikipiki huyabadilisha bila kukumbushwa. Mafuta ya shokapu hayana chujio lolote, na ziko pikipiki ambazo hayajawahi kumwagwa tangu kiwandani. Yakimiminwa kwenye beseni hutoka ya kijivu, yananuka kama samaki aliyeoza, na ukiyaelekeza kwenye mwanga unaona chembe za chuma zikielea. Chembe hizo zimetoka kwenye springi na kwenye bushi. Bushi mpya ina ngozi nyeusi ya Teflon, na ikianza kuonesha shaba, kazi yake imekwisha. Bushi, sili, mafuta mapya na beringi za usukani havina fahari ya kumwonesha jirani, lakini madereva wengi hushangaa kwamba nusu ya malalamiko yao yameishia hapo. Wakati wa kununua mafuta, namba ya 10W kwenye chupa isiaminiwe sana, kwa sababu 10W ya kampuni moja inaweza kuwa nyepesi kuliko 10W ya nyingine. Kipimo cha kweli ni sentistoki kwenye nyuzi joto 40, na watengenezaji makini hukiandika.

Ngazi ya pili ni springi inayolingana na uzito halisi wa dereva, abiria na mizigo. Hagon wa Uingereza, Wilbers wa Ujerumani, Öhlins wa Sweden, Race Tech na Progressive Suspension wa Marekani, wote wamo kwenye biashara hii. Kosa la kawaida hapa ni kudhani kwamba springi laini inaweza kuponywa kwa kuikandamiza. Watu hukata kipande kirefu zaidi cha bomba la maji la plastiki, wanakiweka juu ya springi ya zamani na kufunga kifuniko. Bomba lenyewe halina ubaya, hata mafundi wazuri hulitumia kurekebisha kimo. Ila springi iliyokandamizwa inabaki na ulaini wake ule ule, imeinuliwa tu.

Ya tatu ni jinsi mafuta yanavyotuliza mdundo. Pikipiki nyingi za safari za wakati ule, ikiwemo Kawasaki Concours iliyouzwa Marekani kuanzia 1986 hadi 2006, zilitumia fimbo yenye matundu ya kudumu. Mafuta yakipita kwenye tundu lisilobadilika, mwendo ukiongezeka mara mbili upinzani unaongezeka mara nne. Matokeo yake ni shokapu yenye makosa mawili kwa pamoja, legelege breki inapofungwa taratibu na ngumu kama jiwe gurudumu linapogonga ukingo wa lami. Paul Thede, mwanzilishi wa Race Tech huko California, alitengeneza vali ndogo inayokaa juu ya fimbo hiyo, chini ya springi. Matundu ya zamani yanapanuliwa kwa keekee ili yasitawale tena, na kazi inahamia kwenye vali. Mwendo ukiwa mdogo mafuta hupenya kwenye tundu dogo. Pigo likiwa kali, bamba lililoshikwa na springi hunyanyuka na kuyaachia njia. Shokapu ya miaka ya 1980 inaanza kutenda karibu sawa na ya kisasa, na kwa nje hakuna kilichobadilika.

Wapo wanaobisha kwamba haya yote ni viraka, na mwanamume afunge shokapu za pikipiki ya mbio, zile zilizopinduliwa, za rangi ya dhahabu. Hoja yao ina mvuto, lakini ukiipima inavuja. Shokapu za Suzuki GSX-R zimekusudiwa pikipiki ya takriban kilo 200, kwa hiyo springi zake nazo zitapaswa kubadilishwa, na gharama imerudi pale pale. Ni fupi, na vishikio vyake vinabadilisha jiometria ya usukani. GL1500 ina tairi la mbele la inchi 18, wakati pikipiki za mbio hutumia la inchi 17. Kubwa zaidi, pedali ya breki ya GL1500 inashika diski ya nyuma pamoja na diski moja ya mbele. Anayefunga shokapu za kigeni anauvunja mfumo huo na kuubuni upya kwenye gereji yake, akiwa na nusu tani ya kusimamisha.

Ni kweli kwamba shokapu ya mrija ina mipaka. BMW, kampuni iliyoiingiza sokoni ikiwa na utulizaji wa mafuta mwaka 1935 kwenye R12, yenyewe ilianza kuiacha mwaka 1993 ilipoleta mfumo wa Telelever. Honda walifuata kwenye Gold Wing ya mwaka 2018, wakaweka mikono miwili inayotenganisha kazi ya usukani na kazi ya kubeba mdundo. Asiyeridhika na shokapu ya mrija atafute pikipiki hiyo. Kwa mwenye GL1500, breki, fremu na usukani wake vilisanifiwa kwa ajili ya shokapu alizonazo.

Jambo hili halikomei kwa wazee wa Marekani. Bodaboda wa Dar es Salaam au Kisumu anakalia fimbo ile ile yenye matundu, na akibeba abiria wawili na gunia anakutana na fizikia ile ile. Springi za kuchagua kwa kilo hazipatikani kirahisi kwenye maduka ya spea ya huku, lakini mafuta mapya, sili, bushi na ule utepe wa plastiki vinapatikana.

Huko Marekani, mikutano ya wapenzi wa Gold Wing ina desturi ya msafara wa usiku ambapo pikipiki hushindania taa. Waandaaji wangeongeza kipengele kimoja tu: kabla ya pikipiki kuingia kwenye msafara, dereva na abiria wake wakae juu yake, mtu apime shokapu zimezama milimita ngapi, na namba iandikwe kwa chaki kwenye kioo cha mbele ili kila mtu aisome.