Mahame ya Nkome na Amana ya Wazee

Aondokaye mwaloni Nkome, akayapa kisogo maji ya Ziwa Viktoria na dagaa walioanikwa juani, akashika njia ya mguu kuelekea bara, huweza kuiona minyaa iliyosimama safu moja katikati ya mihogo, na ajuaye hutambua kwamba haikujiotea, bali ilikuwa ua wa mji wa mtu. Ndani yake kuta za udongo zimeyeyuka kwa mvua hata zimekuwa kichuguu. Yamesalia mafiga matatu na jiwe la kusagia lililolika katikati.

Mahame ya namna hii aghalabu hayakuletwa na maradhi wala vita, bali na amri ya kuhama. Tarehe 6 Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kuishi vijijini ni amri, na mwisho wa 1976 ukawa ndio ukomo wa muda wa kuitimiza. Nia ilikuwa njema, kwani shule, zahanati na maji ni vigumu kuwafikia watu waliotawanyika. Walakini wako waliohamishwa kwa nguvu, wakayaona mapaa yao yakiezuliwa au kutiwa moto.

Je, wenye mahame wana haki gani leo? Mwaka 1994, katika shauri la Lohay Akonaay, Mahakama ya Rufani iliamua kwamba haki ya kimila katika ardhi ni mali inayolindwa na Katiba. Lakini Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 ikathibitisha ugawaji wa ardhi uliofanywa katika operesheni ile ya kuhamishia watu vijijini, tangu 1970 hata 1977. Naona sheria hiyo ina insafu, maana kumng'oa aliyelima shamba kwa nusu karne ni kuponya dhulma kwa dhulma nyingine.

Hata hivyo, kuhalalisha shamba la huyu si kufuta kaburi la babu wa yule. Katika mkoa huu wa Geita, ambako udongo hugeuzwa tofali na mwamba husakwa dhahabu, kaburi lisiloandikwa popote halina wa kulitetea. Basi kila halmashauri ya kijiji, ipangapo matumizi ya ardhi, na iyatie mahame katika ramani yake: makaburi, minyaa, na majina ya walioishi pale, kwa ushahidi wa wazee wenyewe. Kazi hii haihitaji fedha nyingi, ila haina muda mrefu. Kwani mtoto aliyekuwa na miaka 10 alipohamishwa mwaka 1974, leo amekwisha pita 60.