Ugali wa Saa Tatu Usiku

Tukizungumzia kisukari na shinikizo la damu, huwa tunauliza mgonjwa anakula nini. Makala hii inaongeza swali: anakula saa ngapi?

Noonkopir, katika mji wa Kitengela nchini Kenya, panafaa kuulizwa swali hilo. Ranchi ya pamoja ya Kitengela iligawanywa mwaka 1988. Mwaka 1990 mamlaka ya maeneo ya viwanda vya kuuza bidhaa nje (EPZ) ikaundwa, na viwanda vikainuka jirani, Athi River. Malisho yakawa ploti, mji ukajaa watu wa kudamkia kazini. Wengi hupanda matatu saa kumi na moja alfajiri wakiwa na chai na mandazi tu tumboni. Mchana hushindia soda na mkate. Foleni ya Barabara ya Mombasa huwarudisha saa tatu usiku, ndipo huliwa ugali wa siku nzima, kisha kitanda.

Mwili nao una saa yake. Mwaka 2017 Wamarekani watatu walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba kwa kueleza jinsi jeni zinavyoiendesha. Asubuhi insulini hufanya kazi barabara, usiku hulegea. Ndiyo maana ugali uleule hupandisha sukari ya damu zaidi usiku kuliko asubuhi.

Hata hivyo, saa haifuti ulaji wa kupita kiasi. Jaribio la China lililochapishwa mwaka 2022 lilifuata watu 139 wanene kwa mwaka mmoja, wote wakipunguziwa chakula. Waliokula kati ya saa mbili asubuhi na saa kumi jioni pekee hawakuwashinda wenzao wasiowekewa saa kwa kupungua uzito. Na wapenzi wa nyama choma ya usiku wanaojitetea kwa mfano wa Wamaasai wakumbuke: wale ambao mtafiti George Mann aliwakuta na lehemu kidogo katika damu, kwenye utafiti wake wa mwaka 1964, walikuwa wakitembea na mifugo kutwa.

Basi tunaomba nusu ya sahani ya usiku ihamie mchana. Githeri ya jana ipashwe alfajiri au ifungwe kwenye kontena la kazini. Usiku zibaki mboga na ugali kidogo. Waajiri nao watoe mapumziko ya kweli ya mchana, kwa kuwa zamu isiyo na nafasi ya kula hushinda ushauri wowote. Anayetumia dawa za kisukari azungumze kwanza na daktari wake: akiruka mlo, sukari yaweza kushuka ghafla.