Kisanduku cha amplifaya kisipigwe gundi

Familia iliyohama makwao na kulala chumba kimoja haiwezi kufungua redio usiku bila kuamsha watoto. Ndipo amplifaya ndogo ya spika za masikioni inapofaa Kasapa: mama na baba wanasikiliza habari za Radio Okapi, inayotangaza kwa Kiswahili tangu 2002, na wengine wanalala.

Kisanduku chake kinaweza kutengenezwa kwa mabaki ya seremala. Kipande cha mukula, mti mwekundu wa misitu yetu, hakistahili kuishia kwenye mbabula. Ila mbao haizuii mngurumo wa umeme kama chuma. Basi ndani kitandikwe bati la kopo la maziwa, liunganishwe na hasi ya betri, lisiguse bodi. Na matundu machache juu, joto litoke.

Kosa kubwa ni gundi. Mafundi wanaipenda kwa sababu kazi inaonekana safi, na kweli inapendeza. Lakini tundu la kuchomeka spika ndilo hulegea upesi, na kisanduku kilichogandishwa hufunguliwa kwa patasi. Skrubu nne chini zinatosha. Asiye na pesa ya fundi atafungua mwenyewe, aone waya uliokatika.