BASI LA KABATINI HALINA DEREVA

Huko Uingereza wako watu wazima, wenye akili zao timamu, ambao kazi yao ya jioni ni kukusanya mabasi madogo ya mfano. Si vitu vya kuchezea watoto. Kila kitu kimepunguzwa mara 76, hata basi la ghorofa lenye urefu wa mita 11 huwa sentimita 14 na nusu, nalo lina rangi yake, namba yake, na jina la mahali liendako. Pakikosewa dirisha moja, mnunuzi hunung'unika. Sisi watu wa reli hatuwacheki, kwa maana hata kwetu wamo wanaotaja namba za injini za zamani kama mtu atajavyo watoto wake.

Lakini tazameni ndani ya madirisha yale. Mara nyingi kiti cha dereva ni kitupu.

Siku hizi sifa kubwa ni ya basi la haidrojeni. Hewa hiyo hushindiliwa katika matangi, kisha ndani ya seli hukutana na oksijeni, ikatoka stima ya kuzungusha mota. Nyuma hutoka mvuke wa maji, si moshi. Ni jambo jema. Wenzetu wa gereji wamevuta moshi wa dizeli miaka mingi. (Ingawa haidrojeni ikitengenezwa kwa gesi ya ardhini, moshi umehamishwa tu.) Mji wa Aberdeen, Scotland, ulipata mabasi 15 ya ghorofa ya namna hii Januari 2021, na London ikafuata mwaka huo huo kwa mabasi 20. Yote yalitoka kiwanda cha Wrightbus, mjini Ballymena, Ireland ya Kaskazini.

Sasa sikilizeni habari ya Ballymena. Septemba 2019 kiwanda hicho kiliishiwa fedha, na wafanyakazi wapata 1,200 wakaachishwa kazi. Mwezi uliofuata tajiri mwingine akakubali kukinunua, kazi ikaanza tena polepole. Basi lililosifiwa 2021 lilitoka katika mji uliokwisha kulia. Kabatini jambo hilo halionekani.

Nasi twajua habari za namna hiyo. Injini ya mvuke 5918, Mount Gelai, imesimama katika Makumbusho ya Reli hapa Nairobi, na watu huja kuitazama. Aliyetunza moto wake hakuwekewa mahali popote. Dizeli ilipokuja, kazi yake ilikwisha.

Basi la haidrojeni halijawa jambo la barabara zetu. Mpango uliotolewa na Serikali Septemba 2023 watazama mbolea zaidi. Lakini mabasi ya betri yamo Nairobi tangu 2022, na mabwana wakishaonja kitu kipya hawangoji. Tena haidrojeni haina harufu, na moto wake mchana ni shida kuuona. Fundi aliyezoea kunusa dizeli iliyovuja hatasaidiwa na pua yake.

Kwa hiyo twataka iandikwe katika mapatano, kabla gari halijanunuliwa: mafundi na madereva waliopo wafundishwe kwanza, saa za kazi, kwa mshahara kamili, wala wasiletwe wapya juu ya vichwa vyao. Memba wa gereji waje na maswali yao katika mkutano ujao wa tawi. Katibu atayaandika yote.