Huntington haianzi mikononi

Wengi mmeniuliza baada ya kipindi cha juzi: mbona nilisema ugonjwa wa mjomba haukuanza na mwili kuchezacheza? Kwa sababu kweli haukuanzia hapo. Alianza kushindwa kupanga mambo: bili, miadi, hata kupika vitu viwili kwa wakati mmoja. Nyumbani wakasema kawa mvivu, tena hana huruma. Kumbe striatamu, sehemu ya ndani ya ubongo, ikianza kuharibika, mawasiliano yake na sehemu ya mbele inayopanga na kuamua yanalegea, mara nyingi miaka kabla mikono haijacheza. Hata kutambua kwamba mtu kakasirika, kwa kumtazama usoni tu, kunakuwa kugumu.

Jeni yake (jeni, si jini, nimeshamwambia shangazi) iligunduliwa 1993. Mzazi akiwa nayo, kila mtoto ana uwezekano wa nusu kwa nusu wa kuirithi. Hapa Uingereza ukifika miaka 18 unaweza kupima, baada ya kuongea na washauri.

Mimi nina 23, na nataka kujua. Mama, dada yake mjomba, hataki. Sasa majibu yangu yakisema ninayo, basi na yeye anayo. Bado tunaongea, jikoni, kidogo kidogo.