Ukuta wa mviringo usikatwe vipande kwenye kompyuta

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wenzangu tunaochora ramani za majengo, pamoja na wananchi wanaotulipa, juu ya tabia moja isiyofaa. Siku hizi ramani nyingi huchorwa kwa kompyuta. Hilo ni jambo jema na silipingi. Ninalolipinga ni hili: mchoraji akikutana na ukuta wa mviringo wenye umbo lake maalumu, kama vile kitako kipana chini, ukanda unaojitokeza katikati, au unene unaopungua kwenda juu, huukata vipande vilivyonyooka, akavipanga vifanane na duara, kisha akasema kompyuta imekataa.

Kwenye kioo cha kompyuta vipande hivyo hupendeza. Hasara huanzia kazini. Nilipata kuitazama ramani ya jengo moja la umma ambalo ukuta wake wa mbele ulikusudiwa uwe robo ya duara yenye nusu kipenyo cha mita 6. Mchoraji aliuweka kwa vipande 6. Ukipima urefu huoni kosa, maana tao lenyewe lina mita 9 na sentimita 42, na vipande vyote vikijumlishwa vinapungua kwa sentimita zisizofika 3. Lakini katikati ya kila kipande ukuta uliingia ndani ya duara kwa sentimita 5. Ukanda wa zege wa kupachika nje ulikuwa umekwisha kumwagwa mahali pengine, kwa tao la kweli. Ulipoletwa haukukaa. Penye pembe uligusa ukuta, katikati ukaacha mwanya. Mafundi waliujaza kwa lipu nene, lipu ikapasuka, ikabanduliwa. Saruji ile na siku zile za kazi zililipwa kwa fedha za wananchi. Aliyelaumiwa ni fundi mwashi, ambaye alijenga sawasawa na alivyoonyeshwa.

Kwa maoni yangu, chanzo ni kuchanganya vitu viwili ambavyo vyote huitwa umbo la ukuta. La kwanza ni umbo la mkato, yaani jinsi ukuta utakavyoonekana ukiukata kama mkate kutoka juu hadi chini. La pili ni umbo la uso, yaani mipaka ya ukuta ukiutazama kwa mbele: kichwa kimeinama wapi, tundu liko wapi. Katika programu ya Revit, amri ya kubadili mipaka ya uso imetengenezwa kwa ajili ya ukuta ulionyooka. Kijana akiijaribu kwenye ukuta wa mviringo na kukuta njia imefungwa, hukata tamaa na kuanza kukata vipande.

Kumbe mkato una njia yake. Katika Revit mkato hupangwa ndani ya aina ya ukuta, pamoja na kanda zake na mifereji yake. Katika Archicad mkato huchorwa mara moja, ukapewa jina, kisha ukuta ukapewa mkato huo. Baada ya hapo ukuta huchorwa juu ya tao moja la kweli, na umbo lake hulifuata tao kutoka mwanzo hadi mwisho. Kichwa cha ukuta kikitakiwa kufuata paa, huunganishwa na paa. Tundu likitakiwa, hutobolewa kwa umbo tupu. Hata FreeCAD, ambayo hutolewa bila malipo, inaweza kuuburuta mkato juu ya mstari uliopinda. Basi kusema kompyuta imekataa si kweli.

Wako watakaouliza: tofali lenyewe limenyooka, sasa ubaya wa vipande uko wapi? Swali hilo ni zuri na jibu lake ni hesabu. Tofali la saruji la sentimita 45 likilazwa kwenye tao la nusu kipenyo cha mita 6 huachana na tao kwa milimita 4 tu, na lipu ya kawaida huzifunika. Kipande cha yule mchoraji kilizidi mita moja na nusu, ndiyo maana kiliachana na tao kwa sentimita 5. Tao likiwa dogo, tuseme nusu kipenyo cha mita moja na nusu, tofali zima huachana nalo kwa milimita 17. Hapo fundi hana budi kutumia nusu tofali, na tofauti hurudi kuwa milimita 4. Mambo haya fundi huyaamua akijua nusu kipenyo. Ramani ya vipande haina nusu kipenyo wala kitovu. Fundi atapigilia wapi kigingi chake? Kamba yake ataifunga wapi?

Wengine watasema kuta za mviringo ni anasa, afadhali tujenge kuta zilizonyooka tupu. Nakubali kwamba ukuta wa mviringo una kazi zaidi na gharama zaidi. Lakini umbo la mviringo si geni wala si la kuazima Ulaya. Nenda Kijiji cha Makumbusho, Dar es Salaam, ukazione nyumba za duara za wazee wetu. Tazama pia Great Zimbabwe, ambako wajenzi wa Kiafrika waliinua ukuta wa mawe uliopinda, wenye urefu wa mita zipatazo 250 na kimo kinachofikia mita 11, mpana chini na mwembamba juu, bila saruji. Ule ni ukuta wa mviringo wenye mkato maalumu. Waliujenga karne nyingi kabla ya kompyuta. Itakuwa aibu sisi wenye mashine tushindwe hata kuuchora.

Kwa hiyo nina mapendekezo manne. Kwanza, kila ramani yenye ukuta wa mviringo ionyeshe kitovu, nusu kipenyo, na kama nusu kipenyo hicho kimepimwa hadi uso wa nje au wa ndani. Ikiwa kitovu kinaangukia mahali pasipofikika, kama kiwanja cha jirani, zitolewe hatua za kupima kutoka kwenye mstari ulionyooka. Kwa lile robo duara la mita 6, mstari huo una mita 8 na sentimita 49, na katikati tao hutoka kwa mita 1 na sentimita 76. Pili, mkato wa ukuta uchorwe peke yake kwa kipimo kikubwa, ili fundi akate kibao cha kuongozea umbo. Tatu, wanaopitisha ramani wairudishe ramani yoyote iliyokata tao vipande bila sababu. Nne, walimu wa vyuo wawafundishe vijana kuchora mkato kwa mkono kwanza, ndipo wawaonyeshe mashine. Anayeuelewa mkato hatababaishwa na programu, hata zikibadilika kila mwaka.

Mchoraji anapookoa saa moja ofisini kwa kukata vipande, mwashi hupoteza wiki juani, na mwenye jengo hulipa mara mbili. Kompyuta ni chombo kama rula na bikari. Ifuate jengo, jengo lisilazimishwe kuifuata.

Mchora Ramani,
Dar es Salaam.