Jioni za Dar es Salaam na Jioni za Dodoma



Majuma mawili yaliyopita, baada ya Misa ya pili, lilizuka nje ya kanisa bishano ambalo si geni kwetu tunaoishi Dodoma. Baba mmoja aliyehamia huku na wizara yake alikuwa akizungumza na mzee mwenyeji wa hapa, na mazungumzo yakaangukia swali la kila siku: mji upi ni mwema zaidi wa kuishi, Dar es Salaam au Dodoma? Yule baba akasema, "Mzee wangu, Dodoma ni mahali pa kufanyia kazi. Pa kuishi ni Dar." Mzee akamjibu kwa upole, "Mwanangu, tangu ufike hujalala hapa Jumamosi mbili zilizofuatana. Utajuaje?" Waliokuwa karibu wakacheka, kila mmoja akashika njia yake. Sisi hatukuweza kuliacha jibu lile lipite hivi hivi.

Bishano lenyewe lina umri mkubwa kuliko wengi wanaolibishania. Mwaka 1973 chama cha TANU kiliamua kwamba makao makuu ya nchi yahamishwe kutoka pwani kuja katikati ya nchi. Kwa zaidi ya miaka 40 wizara ziliendelea kukaa karibu na bahari, hata Bunge lilipokuwa likija na kuondoka. Hata Julai 2016 Rais John Magufuli alipotangaza kwamba serikali yake itahamia Dodoma, wapo waliodhani kuwa ni maneno ya jukwaani. Septemba mwaka huo huo Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akahamia, na wizara zikafuata. Tarehe 26 Aprili 2018 Dodoma ikapandishwa hadhi kuwa jiji, na Oktoba 2019 Rais mwenyewe akahamia. Hivyo maelfu ya watumishi walijikuta wanalinganisha miji miwili pasipo kuulizwa wanapenda upi.

Nasi tuliowahi kuishi katika miji yote miwili tunapenda kusema tunavyoona. Tuanze kwa kuipa Dar es Salaam haki yake.

Kwa matembezi, Dodoma haiwezi kushindana na Dar, na anayesema inaweza anajifurahisha. Ni nani asiyejua jioni ya Coco Beach, mihogo ikichomwa na kupakwa pilipili, watoto wakikimbizana na mawimbi? Mwenye shilingi elfu tatu na mwenye laki tatu hukaa mbele ya bahari ile ile na kupigwa na upepo ule ule. Siku ya Simba na Yanga kuna Uwanja wa Benjamin Mkapa wenye nafasi ya watu 60,000, na hata asiye na tiketi huipata sherehe hiyo barabarani. Kuna samaki wa Feri, kuna Kariakoo isiyolala, kuna makumbusho, muziki, na harusi za kila Jumamosi. Anayetaka upweke ataupata, na anayetaka watu atawapata zaidi ya milioni 5, kama ilivyohesabiwa katika sensa ya mwaka 2022.

Lakini wapendwa, tujiulize: kati ya watu hao, ni wangapi wanaoiona bahari? Tulipokuwa tukiishi kule tulizifahamu familia nyingi za Chanika, Mbagala na Gongo la Mboto zilizokwenda ufukweni mara mbili kwa mwaka, siku ya Krismasi na siku ya Pasaka, zikirudi usiku zimechoka kuliko zilivyoondoka. Baba alitoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri watoto wakiwa wamelala, akarudi saa tatu usiku watoto wakiwa wamelala tena. Mabasi ya mwendokasi yalipoanza katika barabara ya Morogoro mwaka 2016, wakazi wa Kimara walipata ahueni, ingawa si wote waliopata kiti. Foleni ya Dar haichukui mafuta ya gari peke yake. Huchukua saa tatu au nne za kila siku za mtu, na hakuna anayemrudishia. Jiji lile limejaa mahali pa kwenda jioni, nalo humnyima mkazi wake jioni yenyewe.

Dodoma mambo yamegeuka. Mtumishi wa Mji wa Serikali pale Mtumba akitoka kazini saa tisa na nusu, hata akipita sokoni, jua halijazama atakuwa ameketi kwake Kisasa, Ilazo au Nkuhungu. Hewa ni kavu, na mwezi Juni na Julai baridi ya usiku huwashangaza watu wa pwani, ambao huja na shati moja jepesi na kurudi kununua sweta. Zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, na msimu ukifika utazikuta zikiuzwa kando ya barabara kama machungwa ya Muheza. Jumamosi kuna mnada wa Msalato, ambako nyama ya mbuzi huliwa pale pale inapochomwa, na asiyeufahamu mnada ule asiseme ameijua Dodoma. Jioni watu hukaa Nyerere Square na katika bustani ya Chinangali. Orodha inakaribia kuishia hapo, tunakiri.

Tunakiri pia vumbi la Septemba, linaloingia hata ndani ya kabati lililofungwa. Tunakiri maji. Mji huu kwa miaka mingi umetegemea visima vya Mzakwe, vilivyokusudiwa wakazi wachache sana kuliko hawa zaidi ya 760,000 waliohesabiwa katika jiji mwaka 2022, na wapo mitaani wanaoyasubiri maji kwa zamu. Kodi za nyumba nazo zimepanda, na aliyeumia zaidi ni mwenyeji asiye na mshahara wa serikali. Haya yote ni kweli. Hata hivyo, si ndiyo yanayoifanya Dodoma ionekane mji usiokalika.

Tuonavyo sisi, kinachopungua Dodoma ni watu wa kukaa nao hizo saa zilizookolewa. Pita jioni ya Jumanne katika sehemu za vinywaji, utawakuta akina baba wenye familia wamekaa wanne wanne, simu mezani, wakiuchelewesha usiku kwa sababu nyumbani hakuna anayewasubiri. Nyumba zenyewe zina godoro, jiko la gesi la plati mbili na televisheni. Ijumaa mchana begi tayari liko ofisini. Miaka sita au saba imepita, na wapo ambao hawajajifunza hata kuitikia "mbukwenyi" ya jirani Mgogo. Watu wa namna hiyo wanaposema kwamba Dodoma imepooza, wanasema kweli, ila wao wenyewe ni sehemu ya huko kupooza.

Treni ya umeme ilipoanza safari za Dodoma mwezi Julai 2024, sote tulishangilia, na hata leo tunaipanda kwa furaha. Safari ya basi ya kilomita 450 hivi, iliyokula siku nzima, sasa ni saa tatu na nusu kwa treni ya haraka. Lakini tuseme wazi jambo ambalo huenda halitawapendeza wengi: treni hiyo imerahisisha mno kutohamia. Zamani ugumu wa safari ulimlazimisha mtu kuamua. Sasa anaweza kuwa mgeni Dodoma siku tano na mgeni kwake siku mbili, akaendelea hivyo mpaka mtoto aliyemwacha darasa la kwanza akamaliza la saba.

Haitakuwa haki kuwatupia lawama wote. Wapo akina mama wenye kibanda Kariakoo, ambacho ndicho kinacholipa ada, nacho hakibebeki. Yupo mtoto wa kidato cha nne asiyepaswa kubadilishwa shule mwezi Mei. Ipo nyumba ya Kibaha iliyojengwa kwa mkopo ambao bado unakatwa. Tunamfahamu mwalimu mmoja aliyeomba uhamisho amfuate mumewe, na kwa miaka miwili barua zake hazikupata hata jibu la kukataliwa. Mwajiri anayemhamisha mume kwa wiki mbili asingepaswa kuhitaji miaka miwili kumhamisha mke. Hilo ni jambo la viongozi, nao tunawaomba walitazame kwa macho ya wazazi.

Lakini kwa yule anayeweza, maoni yetu ni haya: na ahamie kweli, yeye na mkewe na watoto wake na sufuria zao. Kwa kulea familia, Dodoma inaishinda Dar es Salaam, na tunasema hivyo tukiikumbuka bahari. Mtoto atakayemwona baba yake kila siku saa kumi na mbili jioni hatauliza sana kwa nini hakuna Coco Beach. Na bahari haikuhama. Likizo ikifika, treni ile ile itawapeleka wote kwa pamoja.

Nasi viongozi wa parokia tunayo lawama yetu. Jumuiya ndogo ndogo nyingi mjini hapa hukutana Jumamosi alfajiri, saa ambayo wageni wetu wameshaondoka. Tukawahesabu kuwa wavivu wa sala, kumbe tuliwawekea ibada siku wasiyokuwepo. Kuanzia juma hili jumuiya mbili za Kisasa zitajaribu kukutana Jumatano saa kumi na mbili jioni, na baada ya sala kutakuwa na chai. Anayeishi peke yake na aje hata kama hajaandikishwa.

Yule baba wa bishano letu tumempa taarifa hiyo, naye ameahidi kufika. Amesema pia kwamba mama na watoto watakuja likizo ya Juni, kuutazama mji kwanza. Mzee mwenyeji amekwisha kumwambia asipange safari yoyote Jumamosi hiyo, kwa kuwa watakwenda wote Msalato.